Gari ya Wafanyakazi, Saa Tano Usiku

Treni ya umeme ilitufikisha Dar es Salaam kabla watoto hawajamaliza kugombania kiti cha dirishani. Tangu ianze kubeba abiria Juni 2024, Morogoro na bahari vimekaribiana: chini ya saa mbili, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, na unashuka Stesheni shati likiwa bado safi. Nadhani ni treni hiyo iliyompa baba watoto ujasiri wa kupendekeza jambo ambalo katika nyumba ya walimu wawili lilikuwa halijawahi kupendekezwa, yaani likizo ya Juni twende hotelini. Si kwa shangazi Tandika tukalale kwenye magodoro sebuleni. Hoteli ya Nungwi, Unguja, ile ya kulipa mara moja ukala na kunywa mpaka uchoke, kwa bei ya wakazi.

Mwezi Juni kusi huvuma. Kwenye boti ya kwenda Unguja, waliozoea walikwenda kukaa chini, nyuma, wakafumba macho. Sisi wa Bara tulipanda juu, mbele, tukaione bahari, nayo ikatuona. Mama mkwe wangu, ambaye alikubali kuja baada ya kuhakikishiwa kwamba boti haiyumbi, alishika mfuko wa kutapikia kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, na hakusema na mwanawe hata neno. Nguvu zilimrudia barabarani. Kwenye Noah iliyotupeleka kaskazini alikuwa akisoma kila kibao kwa sauti: Bububu, Mahonda, Kinyasini, skuli ya wapi, msikiti gani, Hospitali ya Kivunge. Dereva alicheka, akamwambia, "Bibi, wewe ungefaa kuwa konda."

Hotelini tulifungwa bangili za plastiki mkononi, na toka hapo hakuna aliyetuuliza kitu. Bangili ndiyo iliyokuwa ikijibu. Watoto waliishi bwawani. Mama mkwe aligundua kwamba chai haina saa. Nitaruka sehemu hii, maana raha za watu hazina habari. Kila aliyekaa hotelini atakusimulia zilezile, na picha atakuonyesha.

Kitindamimba wangu, wa miaka minne, alianza kutapika jioni, baada ya Magharibi. Tukasema ameshiba maji ya bwawa. Kisha akaharisha. Akatapika tena, akaharisha tena, choo ni maji matupu, na mwili ukapata joto. Kufika saa tatu nilikuwa nimeacha kuhesabu. Alikuwa amelegea begani kwangu, midomo imekauka, na kila nikimuuliza kama anataka kukojoa anatikisa kichwa.

Mapokezi walikuwa na adabu sana. Dada mmoja alinipa pole, akaagiza nipewe juisi ya embe kwa ajili ya mtoto, kisha akafungua daftari. Daktari wa kuja chumbani alikuwepo: dola 150 kwa kufika, dawa mbali. Akauliza kama tuna bima ya wageni. Bima hiyo, ya dola 44, kila mgeni kutoka nje ya nchi analazimika kuikata anapoingia Zanzibar tangu Oktoba 1, 2024. Sisi Watanzania haituhusu. Nikamwonyesha kadi yetu ya bima, ileile inayotufungulia milango Morogoro. Akapiga simu, akasikiliza, akanirudishia kadi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mchango wa msiba uliochelewa. Kwa hiyo si wageni, na si wenyeji. Ungetuweka kwenye safu gani ya daftari lile?

Baba watoto aliuliza hospitali ya karibu iko wapi. Dada akasema kuna hospitali nzuri za binafsi mjini, teksi ya hoteli inakwenda, na bei yake nayo ilikuwa ya dola. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi amejifunika khanga, akasema bila kuinua sauti, "Kivunge pana hospitali. Nilikisoma kibao."

Hapo ndipo mama wa usafi aliyekuwa akipangusa sakafu aliposimama. Ni mwenyeji wa Kidoti. "Bibi kasema kweli," akatuambia. "Kivunge karibu. Nami natoka saa tano na gari ya wafanyakazi, inapita pale pale. Njooni huku nyuma."

Kuna hoteli mbili katika hoteli moja, nami niliiona ya pili usiku ule. Tulipita nyuma ya jiko, penye mitungi ya gesi na ndoo za maganda ya vitunguu, tukapita chumba ambacho wapishi walikuwa wakibadili nguo, tukatokea kwenye geti la chuma lisilo na taa za rangi. Gari ilikuwa imejaa: wahudumu, watunza bustani, kijana wa bwawani aliyekuwa akimrushia mwanangu mpira mchana kutwa. Waliponiona na mtoto walisogea wote kwa pamoja, bila mtu kuambiwa. "Mtoto kafanyaje?" "Anatapika na kuharisha." "Pole, bibie. Kivunge watamsaidia." Dereva aliwashusha watu wa Fukuchani na wa Kidoti barabarani badala ya kuingia ndani vijijini kama kawaida yake, na hakuna aliyenung'unika. Hatukufika nusu saa. Baba watoto alipotaka kumpa fedha ya mafuta, dereva alisema mafuta ni ya tajiri, akaondoka.

Hakuna aliyetuuliza fedha wala bima kabla mtoto hajaonwa. Zanzibar ilitangaza matibabu bila malipo baada ya Mapinduzi ya 1964, na ingawa kila anayefuatilia anajua dawa hazipatikani siku zote, wazo lenyewe bado linaonekana mlangoni: mgonjwa kwanza. Muuguzi alimwamkia mama mkwe, akamchukua mtoto, akampima uzito: kilo 14. Akamfinya ngozi ya tumbo na kuiachia, akaitazama inavyorudi. Akamtazama macho, akamtia kidole mdomoni, akauliza amekojoa lini. Akampa kikombe cha maji kuona kama anayataka. Mtoto alikivamia.

Ndipo akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mmeingia lini kutoka Bara?"

Kumbe swali hilo lina uzito wake Unguja. Kwa miaka mingi maambukizi ya malaria visiwani yamekuwa chini ya asilimia 1, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaopatikana wanakuwa wametoka kusafiri, hasa Bara. Mtu mwenye homa aliyetoka Morogoro hapimwi kwa kubahatisha. Akikutwa nayo, taarifa hutumwa kwa simu, na afisa wa afya humfuata alikofikia kuwapima wanaoishi naye. Nilijaribu kumfikiria afisa huyo akiingia hotelini kwetu na kisanduku chake cha vipimo, akipita kwenye viti vya kuanikia jua. Mtoto alitobolewa kidole, akalia bila machozi, na kulia bila machozi nako kukaandikwa kwenye karatasi. Malaria hakuna.

Nilikuwa nikisubiri dripu. Mzazi wa leo asipoiona dripu huona mwanawe hakutibiwa. Daktari wa zamu, kijana mwenye sauti ya usingizi, aliniambia dripu ni ya mtoto asiyeweza kunywa au aliyezidiwa kabisa, huyu anakunywa. Akatoa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pamoja na jagi, kikombe na kijiko. "Mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa nne. Wewe mwalimu, piga hesabu." Ni lita moja na kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Pamoja nayo vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, na visiachwe mtoto akipata nafuu: siku 10 hadi 14. Nikauliza kuhusu antibiotiki. Akauliza kama kwenye choo kulikuwa na damu. Haikuwepo. "Basi ya nini?"

Nafundisha biolojia kidato cha tatu, na mambo haya nayaandika ubaoni kila mwaka. Glukosi inapopenya ukuta wa utumbo huingia pamoja na sodiamu, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo unapokuwa unamwaga maji kwa ugonjwa. Ndiyo sababu sukari peke yake haitoshi, na chumvi peke yake haitoshi, na juisi tamu ya embe inaweza kumwongezea mtoto kuharisha, kwa kuwa sukari ikizidi huyavuta maji kuyarudisha utumboni. Lakini kuyaandika ubaoni ni jambo moja, na kukaa saa saba usiku kwenye kitanda cha hospitali unamlisha mwanao maji kijiko kwa kijiko ni jambo jingine.

Usiku ule nilimkumbuka sana daktari Mhindi, Dilip Mahalanabis. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi Bangaon, upande wa India wa mpaka, kipindupindu kiliingia kambini na dripu zikaelekea kwisha. Yeye akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Miaka saba baadaye jarida la tiba la Lancet lilisema huenda ugunduzi ulioiwezesha tiba hiyo, kwamba glukosi na sodiamu hupenya utumbo pamoja, ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne nzima. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na mtaani kwetu hakuna barabara wala zahanati yenye jina lake.

Kitanda cha pili alikuwa mama wa Tumbatu na mwanawe wa kunyonya. Aliitazama bangili yangu ya plastiki, akaniuliza ni ya nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Kumbe na hotelini watu huharisha!" Tukacheka wote wawili kwa kuziba midomo, maana muuguzi alikuwa amelaza kichwa mezani. Alikuwa amevuka na mwanawe kwa mashua hadi Mkokotoni, kisha daladala. Mimi niliyekuwa nikilalamika moyoni kuhusu mwendo wa nusu saa ndani ya gari nilinyamaza. Mama mkwe akatoa kwenye mkoba wake embe alizochukua hotelini asubuhi, zimefungwa kwenye leso ya mezani, akamgawia. Alinieleza baadaye kwamba kama tumelipia, tumelipia.

Alfajiri mtoto alikojoa, kidogo na mkojo wa rangi ya chai, nikamshangilia kama amefaulu mtihani wa taifa. Saa mbili asubuhi aliomba chapati. Daktari wa mchana akatupa zinki iliyobaki na pakiti za akiba, akatuambia tumpe chakula cha kawaida na tusimwache na njaa. Mama mkwe akauliza kuhusu maji ya wali yenye chumvi kidogo, anayowapa wajukuu tangu zamani, huku akinitazama mimi. Daktari akasema yanafaa. Mwaka mzima ujao nitausikia ushindi huo.

Tulirudi Nungwi kwa daladala namba 116, bangili mkononi. Mapokezi alikuwa dada mwingine. Nikamwomba karatasi inayoonyesha huduma za hoteli, ile iliyoko kila chumba. Ilikuwa na bei ya kukandwa mwili kwa mafuta ya karafuu, saa za kwenda kuona pomboo, namba ya kuagiza chakula usiku, na onyo kuhusu taulo. Hospitali haikuwemo. Nikamuuliza kama anajua ya Kivunge. "Nimezaliwa pale," akasema.

Nawaomba wenye hoteli, wa Nungwi na wa Paje, wa Diani na wa Bagamoyo: ongezeni mistari michache kwenye karatasi ile. Jina la hospitali ya serikali iliyo karibu, namba yake ya simu, umbali, nauli halisi ya usiku kwa shilingi, na nani ana gari saa hizo. Wafanyakazi wenu wanayajua yote hayo, waulizeni. Nanyi wasafiri wenzangu wenye watoto, tieni pakiti chache za ORS kwenye begi kabla ya nguo za kuogelea. Mkizikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, vitawavusha mpaka mfike hospitali. Mtoto asipoweza kunywa, akilegea asiamke, au damu ikionekana chooni, msisubiri gari ya saa tano. Ondokeni na lolote litakalopita.