Kuikagua Nyumba Kabla ya Kuiuza

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuuza nyumba hana kazi ila kupaka chokaa, kumngoja mnunuzi na kuhesabu fedha. Likizo ya Desemba ilinifunza vingine, maana jamaa zetu walikubaliana kuiuza nyumba ya marehemu babu iliyoko Pangani, ili warithi wote wapate mafungu yao.

Nyumba hiyo ni ya mawe na chokaa, na sakafu ya ghorofani imebebwa na boriti za mikoko. Bibi alimwita mwashi mzee wa mtaani, nami nikapewa kazi ya kushika ngazi na kuandika kila kosa katika daftari.

Tulianzia juu, kwa kuwa mvua nayo huanzia huko. Tulifunga madirisha adhuhuri tukatazama mabati: palipopenya nuru ndipo penye tundu. Yalikuwa saba. Kisha tukaifuata njia ya maji ukutani mpaka kwenye boriti. Kila moja fundi aliigonga kwa nyundo. Iliyo nzima hutoa mlio mkavu, na iliyooza hulia bubu. Tena alichoma msumari pale boriti inapoingia ukutani, kwani hapo ndipo unyevu hukaa. Katika boriti mbili msumari uliingia kama katika muhogo uliochemshwa.

Chini, kuta zilitoa chumvi nyeupe na lipu ilibanduka. Fundi alinieleza kuwa ile ni lipu ya saruji: chokaa huuacha unyevu utoke, bali saruji huufungia ndani ya jiwe. Penye ufa alitia alama za kalamu kwenye ncha zake, akaandika tarehe. Majuma matatu yalipita, ufa haukuvuka alama. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ukuta umetulia.

Likabaki shauri gumu. Baba mdogo alitaka tupigilie mbao chini ya boriti zile mbili zisionekane. Si mtu mbaya. Ana watoto wanne, na nauli yangu ya kuja shuleni hutoka mfukoni mwake. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, atakayelala chini ya boriti hiyo ni mtoto wa mtu." Hakuna aliyejibu.

Mnunuzi alipofika, bibi aliniamuru nimsomee daftari lote. Alitazama mwenyewe, akapunguza katika bei gharama za boriti, mabati na lipu. Kila fungu likawa dogo, na baba mdogo alinuna siku kadhaa. Lakini masika ya mwaka huu yamekwisha, wala hakuna aliyebisha hodi kwa bibi kulalamika.

Wenzangu, wengi wetu siku moja tutanunua au tutauza nyumba. Anzeni juu, ifuateni njia ya maji, gongeni boriti, na mliyoyaona yasemeni. Chokaa hufunika ufa, haiuzibi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne