Kopo la Kahawa Safarini

Katika mji mmoja mdogo wa wilaya ya Masaka anaishi sajini mstaafu wa polisi ambaye majirani humtambua kwa kopo lake. Ni kopo la bati lililokuwa la maziwa ya unga, na mfuniko wake umekazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila apandapo basi, liwe la kwenda Mbarara au la kwenda Nimule, kopo hilo huwa mkobani pamoja na kisufuria, kinu kidogo cha mti na kitambaa cheupe cha kuchujia. Wenziwe hufunga mkate na ndizi za kuchoma. Yeye hufunga kahawa kwanza, ndipo akumbuke chakula.

Atakayemwona akipuliza moto kando ya barabara atadhani kwamba mzee huyu alianza kuinywa kahawa tangu utoto. Sivyo. Alizaliwa katikati ya mibuni, lakini ilimlazimu kufika katika nchi tatu za jirani, na kutimiza karibu miaka sitini, kabla ya kuionja kahawa ya nyumbani kwao.

MIBUNI YA MAMA

Sajini alizaliwa mwaka 1954. Nyuma ya nyumba ya mama yake palikuwa na migomba, na kivulini mwake ilisimama mibuni ya aina ya robusta. Robusta si mgeni katika Uganda. Hata leo huota yenyewe katika misitu kama ule wa Kibale, hali arabika, ambayo hustawi katika miteremko ya Mlima Elgon, ililetwa kutoka nje yapata mwaka 1900.

Wakati wa mavuno watoto walichuma matunda mekundu na kuyaanika mikekani, hata yakakauka na kuwa meusi. Kahawa iliyokaushwa hivyo pamoja na maganda yake huitwa kiboko. Mnunuzi alikuja na mizani, akapima, akalipa, na magunia yakaenda zake. Fedha za kiboko ndizo zilizonunua sare za shule, mabati ya nyumba na mafuta ya taa. Kinywaji cha nyumbani kilikuwa chai.

Si kwamba kahawa haikupata kuingia kinywani. Bibi yake aliweka kikapu kidogo chenye matunda yaliyochemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, kisha yakakaushwa; na mgeni alipoketi alipewa machache atafune. Katika mila ya Waganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana tunda moja la kahawa, kwa sababu ndani yake mna mbegu mbili zilizolala uso kwa uso. Kila mmoja aliipaka mbegu yake damu yake mwenyewe, na mwenzake akaila. Lakini kuikaanga kahawa, kuitwanga na kuinywa, hayo hayakujulikana katika nyumba ile.

ULINZI WA USIKU

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani. Bei ikapanda kwa kasi katika miaka ya 1976 na 1977. Wakati huo mkulima wa Uganda aliuza kwa bei ndogo iliyopangwa. Na ng'ambo ya mpaka, katika soko la Chepkube lililo upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, wanunuzi walilipa taslimu, tena kwa wingi. Basi magunia yakaanza kuvuka usiku, mengine kwa punda, mengine kwa baiskeli na mengine kwa vichwa vya watu. Hayo ndiyo yaliyokuwa magendo ya kahawa, na wengi walipoteza mali, uhuru, hata maisha, kwa ajili yake.

Sajini alikuwa konstebo kijana, naye akapelekwa kulinda mpaka. Usiku mmoja wa mvua kikosi chake kilikamata magunia kumi na moja. Wenyewe walikuwa wamekwisha kimbilia migombani. Askari waliketi juu ya magunia hayo kungoja alfajiri, huku birika la chai likizungushwa. Mmoja wao akauliza, "Hivi Wazungu huifanyaje kahawa hii hata ikawa na thamani ya kufia?" Hakuna aliyejibu. Walikuwa saba, wote watoto wa wakulima, na hapana hata mmoja aliyekuwa amepata kuinywa.

Swali hilo lilimkaa kijana moyoni kwa miaka mingi.

DELE LA MOMBASA

Mwaka 1983 alipata likizo, akaenda Mombasa kumtembelea shemeji yake aliyekuwa kibarua bandarini. Jioni ya kwanza, katika Mji wa Kale, alisikia mlio wa vikombe vikigonganishwa. Ulikuwa mlio wa muuza kahawa. Mkononi alibeba dele la shaba nyeupe, lenye mdomo mrefu uliopinda, na chini yake makaa ya moto. Mkono wa pili ulishika vikombe vidogo visivyo na vipini. Wazee walioketi barazani walimpisha, akamimina kila mmoja wake.

Sajini alipokea kikombe, akakimeza kwa mkupuo mmoja, akakunja uso. Ilikuwa kahawa chungu, yenye tangawizi na isiyo na sukari hata chembe.

"Taratibu, bwana," muuzaji akamwambia. "Kahawa hainywewi kwa kiu. Tia kashata kinywani, halafu unywe kidogo kidogo."

Akafanya alivyoagizwa. Utamu wa kashata ulipokutana na uchungu wa kahawa, akaelewa kwa nini wale wazee waliweza kukaa barazani tangu alasiri hata adhana ya magharibi bila ya kuchoka. Akauliza buni zinatoka wapi. "Bara," muuzaji akajibu, akielekeza mdomo wa dele upande wa magharibi. "Huko huko kwenu."

Siku ya kurudi alinunua pakiti mbili za kahawa iliyosagwa, na ndipo lile kopo la maziwa lilipopata kazi mpya. Tangu hapo alipika kahawa popote alipopelekwa kikazi. Alijifunza kuyainjika maji juu ya mafiga matatu, kuyaipua yanapochemka, kutia vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe cha chai, kisha kuirudisha sufuria motoni mara moja tu hadi povu lipande. Baada ya hapo huiweka chini dakika nne au tano, akanyunyiza matone machache ya maji baridi ili mashapo yazame, akachuja kwa kitambaa. Pia alijiwekea sharti: asipike kikombe kimoja. Katika maegesho ya malori ya Gulu, au katika kituo cha ukaguzi usiku wa manane, harufu huwaita watu, na ni aibu mtu kuwaita watu akawa hana cha kuwapa.

KIKAPU CHA BUKOBA

Mwaka 1994 mpwa wake aliolewa Tanzania, katika mkoa wa Kagera. Sajini alivuka Mutukula kwa moyo mzito. Eneo lile lilivamiwa na majeshi ya Uganda mwaka 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, na vita vikaendelea hata 1979. Daraja alilopita lilikuwa limejengwa upya, lakini watu waliopoteza ndugu na mifugo walikuwapo bado. Baba wa bwana harusi alikuwa mmoja wa waliokimbia kijiji chao wakati ule, naye alikwisha ambiwa kwamba mgeni wake ni askari wa Uganda.

Mzee yule alimtazama kwa kitambo bila ya kusema neno. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na matunda ya kahawa yaliyochemshwa kwa majani na kukaushwa, sawa kabisa na yale ya bibi yake sajini. Waganda huyaita emmwanyi. Wahaya huyaita amwani. Mzee akatwaa lake, akatia kinywani, ndipo akamnyoshea mgeni kikapu.

"Tafuna, afande," akasema. "Maneno yatafuata."

Walitafuna kimya. Hatimaye mzee akaanza kuuliza habari za mvua, za mibuni na za bei, kama wakulima wanavyoulizana popote. Habari za vita waliziongea usiku, baada ya watoto kulala, na waliziongea zote.

Sajini aliporudi, mkwewe alimfungashia amwani katika jani la mgomba. Hiyo ndiyo kahawa ya msafiri asiye na moto wala maji: huwekwa mfukoni, hutafunwa polepole, na huondoa usingizi barabarani. Kuanzia safari ile kopo lake limekuwa na pembe mbili, ya kunywa na ya kutafuna.

MOSHI WA JUBA

Safari ya tatu ilikuwa ya mwaka 2012, naye alikuwa amekwisha staafu. Mwanawe alikuwa akiuza vyakula Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka uliotangulia. Barabara ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, ilikuwa ndiyo kwanza imalizwe kutiwa lami. Karibu na duka la kijana palikuwa na banda la mama mmoja Mhabeshi, mpika kahawa.

Mama huyo hakuanza na unga. Alianza na buni mbichi, za rangi ya kijani kibichi. Aliziosha, akazikaanga katika kikaango juu ya makaa, akauzungusha moshi wake mbele ya kila mteja ili aunuse. Kisha akazitwanga, akachemsha katika chungu cheusi chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, huku ubani ukifuka. Kwa desturi ya Ethiopia wanywaji hupewa duru tatu kutokana na buni zile zile. Ya kwanza, iliyo kali, huitwa abol. Ya pili tona. Na ya tatu, iliyo nyepesi, huitwa bereka, yaani baraka. Mtu muungwana haondoki kabla ya baraka. Wahabeshi huiita kahawa buna, na sajini akakumbuka mara moja neno letu la buni.

Kijana wake alimweleza kwamba Ethiopia hunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa inayovuna. Uganda, ambayo pamoja na Ethiopia ndizo zinazoongoza kwa kahawa barani Afrika, huuza karibu yote nje. Lakini mzee hakuwa akisikiliza hesabu. Alikuwa ameziokota punje mbili mbichi mkekani, anazigeuza kiganjani. Miaka ishirini na tisa alikuwa akinunua kahawa ya pakiti. Hakupata hata siku moja kufikiri kwamba ndani ya ganda jeusi la kiboko cha mama yake mlikuwa na punje hizi hizi.

"Nifundishe kukaanga, mama," akasema, na mwanawe akafasiri.

Mama akacheka, akampa mwiko. "Usiache kukoroga, baba. Buni zikiungua upande mmoja, zote zimeharibika."

KIKOMBE CHA MAMA

Alifika nyumbani wiki iliyofuata. Mama yake, ambaye sasa alikuwa kikongwe anayetembea kwa fimbo, alishangaa kumwona akiomba kiboko kidogo na kinu. Alitwanga maganda yakatoka, akapepeta kwa ungo, akaosha, akakaanga kwa moto wa wastani huku akikoroga. Punje ziligeuka manjano, halafu hudhurungi, zikaanza kualika kama bisi. Kabla hazijawa nyeusi akaziipua, akazipoza haraka kwa ungo. Alizitwanga kesho yake, kwa kuwa kahawa iliyopumzika ina ladha njema kuliko iliyotoka motoni.

Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanyamaza. Akaomba sukari, akatiliwa, akanywa tena. Mbele yake ilikuwa mibuni aliyoipalilia kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Kumbe hii ndiyo waliyokuwa wakiifuata na mizani yao?" akauliza.

"Ndiyo hii, mama."

Akatikisa kichwa. "Basi niliwauzia rahisi mno, mwanangu. Nitilie kingine."

Msimu ule, kabla ya mnunuzi kufika, kikongwe aliagiza debe moja la kiboko litengwe. Akafanya hivyo kila mwaka hata alipofariki mwaka 2019. Shamba sasa liko mikononi mwa sajini na dada zake, na lile kopo la safari hujazwa kutokana na debe hilo, si kutoka dukani. Mnunuzi angali huja na mizani kila mavuno. Huonyeshwa magunia yote, isipokuwa debe moja lililo nyuma ya mlango.