Jiwe Linapasukia Wapi?

Mawe ya kwanza niliyopewa kazini yalinichafua. Ilikuwa mwaka 1996, mjini Arusha, na fundi aliyenipokea alinikabidhi ndoo ya maji, brashi na kifuko cha tanzanaiti ghafi kutoka Mirerani. Yalikuwa yamegandwa na vumbi jeusi, laini kama masizi, lenye mng'ao hafifu. Nilisugua asubuhi nzima hadi maji yakawa wino.

"Hicho ni kinywe," fundi akaniambia. "Ndugu yake almasi."

Nilidhani ananitania. Kumbe tanzanaiti hulala ndani ya miamba yenye kinywe, na ndiyo maana wachimbaji wa Mirerani hutoka mashimoni weusi, ngozi zikimeremeta. Kisha nikafundishwa kung'arisha: unapaka unga wa almasi kwenye sahani inayozunguka, unagusisha jiwe taratibu. Miaka ikapita hivyo. Kushoto kwangu palikuwa na ndoo ya uchafu niliomwaga, kulia palikuwa na unga niliouhesabia kila chembe, na vyote viwili vilikuwa kaboni.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu, aliyekuja likizo akiwa kidato cha tatu na daftari lake la kemia. Alinichorea. Katika almasi, kila atomu ya kaboni imeshikana na wenzake wanne, pande zote, kwa mishiko yenye nguvu sawa. Hakuna upande uliolegea. Katika kinywe, kila atomu hushika watatu tu, zikajipanga matabaka yenye vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Ndani ya tabaka mshiko ni mkali mno, ila kati ya tabaka na tabaka nafasi ni zaidi ya mara mbili, na kinachoyashikilia ni mvuto dhaifu. Ukisugua, matabaka yanateleza na kubaki kidoleni. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ina 10, kinywe hakifiki hata 3.

"Kwa hiyo, mama mdogo," akasema, "mnacholipia si kaboni. Mnalipia mpangilio."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kosa lililokuwa likiniuma bado. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimemaliza kuchonga jiwe la mteja, bluu iliyokolea. Nililipasha moto ili nta iliyolishikiza kwenye kijiti cha kuchongea iachie, na kwa haraka nikalitumbukiza kwenye maji baridi. Nilisikia mlio mdogo, kama punje ya mchele ikikatika kati ya meno. Jiwe lilikuwa vipande viwili. Halikuvunjika ovyo: lilipasuka kwa uso ulionyooka, laini kama kioo, kana kwamba mtu alikuwa amelipigia mstari. Nililipa deni lile kwa miezi mingi, nikiamini nina mkono mzito.

Mkono haukuwa mzito. Sikulijua jiwe. Ndani ya tanzanaiti, alumini na oksijeni hujipanga minyororo inayoelekea upande mmoja, silika ikiiunganisha na kalisi ikijaza mianya. Lipo bapa moja ambalo mishiko inayolivuka ni dhaifu kuliko mingine. Joto linapobadilika ghafla, ngozi ya jiwe hujivuta kabla ya moyo wake, na jiwe hufunguka papo hapo. Hata almasi, kwa ugumu wake wote, ina njia zake za kupasuka. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Kustahimili pigo ni jambo jingine.

Lakini moto huohuo ukiongozwa kwa subira ndio unaotupa rangi. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na ukahawia. Kwanza naondoa sehemu zenye nyufa, halafu nayachoma kwenye tanuri dogo, joto likipanda polepole hadi nyuzi 500 au 600, na kushuka polepole vilevile. Yanatoka bluu na zambarau. Jengo la atomu halijabomoka. Kilichobadilika ni hali ya elektroni za vanadiamu, chembe chache mno zilizojibanza ndani yake. Nimeyachoma kwa miaka karibu 30, na bado kila nifunguapo tanuri moyo hunidunda.

Leo nafundisha vijana. Siku ya kwanza kila mmoja huosha mawe meusi, kama nilivyoosha mimi. Namwambia achukue kinywe kilichobaki kidoleni aandike jina lake kwenye karatasi, kisha atazame unga wa almasi kwenye sahani. Baada ya hapo nampa tanzanaiti ghafi na taa, na swali moja: linapasukia wapi? Aligeuze, alimulike, achukue muda wake. Mashine haiwashwi mpaka aweke kidole penyewe.