Ripoti za Tana na Skripti za Mbali

Mwandishi wa makala haya alianza kuzisoma ripoti za Mto Tana zikiwa bado karatasi. Zilikuwa majedwali tu: tarehe upande huu, kina cha maji upande ule, na grafu iliyofifia kwa kurudufishwa mara nyingi. Hazikuvutia macho. Lakini aliyekabidhiwa karatasi ile Garsen, Ngao au Kipini alikuwa amekabidhiwa ripoti nzima, wala hapakuwa na kipande kilichobaki Nairobi.

Kisha ukaja mwaka 2011. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika Mombasa miaka miwili nyuma. Julai mwaka huo Rais Mwai Kibaki akazindua tovuti ya data huria ya serikali, na Novemba ikaundwa NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame. Mwaka huohuo Vladimir Agafonkin wa Kyiv alitoa Leaflet, programu ya kuchora ramani kwenye kivinjari, na kutoka Chuo Kikuu cha Stanford ikatoka D3 ya kuchora chati. Zote mbili bure. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi aliweza sasa kutengeneza ramani ya delta ambayo ukiigusa inakuambia kijiji gani kimezingirwa na maji. Ilikuwa furaha kubwa, na ilistahili.

Ila ukurasa wa namna ile haukuwa ripoti kamili. Juu yake, mahali ambapo msomaji haoni, kuna mstari unaokiagiza kivinjari kiende kwenye seva fulani, mara nyingi ya kampuni ya Marekani, kikalete faili ya skripti, yaani maagizo ya kuchora. Ikifika ndipo kichore. Mwandalizi hunufaika: faili haimkai mkononi, na Leaflet ikibanwa ni kilobaiti 40 hivi tu. Kwenye mtandao wa kasi hakuna anayehisi lolote. Pale mtandao unapokatika, kivinjari hungoja skripti isiyofika, na mahali pa chati panabaki peupe.

Mwandishi aliliona hilo Minjila, kwenye njia panda ya Garsen, siku ripoti ya shirika moja kuhusu mafuriko ya 2018 ilipofunguliwa mbele ya wazee. Huo ndio mwaka Bwawa la Masinga, lililo juu ya mto, lilijaa hadi likamwaga, na wenyeji wa huku chini walikuwa na maswali mengi. Maelezo ya kielelezo yalisomeka vizuri: kina cha maji, Aprili hadi Mei. Juu ya maelezo, patupu.

“Mwanangu, mbona hapa hapana kitu?” mzee mmoja akauliza.

“Mtandao unasumbua, mzee wangu. Tungoje kidogo.”

Wakangoja. Bando likaliwa, chati isije.

Mtandao dhaifu angalau hurudi. Kuna skripti zinazoondoka moja kwa moja. Oktoba 2018 RawGit, huduma iliyokuwa ikisambaza faili za namna hii bure, ilitangaza kwamba inafunga. Tarehe 3 Desemba 2019 Google ikazima Fusion Tables, iliyokuwa imebeba ramani nyingi za mashirika na vyombo vya habari. Data ilipotea machoni pa wasomaji bila mtu yeyote kuigusa ripoti yenyewe.

Mwaka 2024 ukaonyesha yote kwa pamoja. Mvua za masika zilifurisha Tana kuanzia Aprili. Tarehe 12 Mei, mashamba ya delta yakiwa bado majini, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Katika siku ambazo mkulima na mfugaji walihitaji takwimu kuliko wakati wowote, njia ya kuzichora ilikuwa imekatika maelfu ya kilomita kutoka kwao. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba skripti ya polyfill.io, iliyokuwa imepata mmiliki mpya Februari, ilikuwa ikipenyeza msimbo hasidi kwenye tovuti zaidi ya 100,000. Wenye tovuti hawakuwa wamebadilisha hata herufi moja.

Tangu hapo waandalizi wengi anaowajua mwandishi wamerudi kwenye faili moja: skripti, takwimu na picha, vyote ndani. Programu za R Markdown na Quarto hufanya hivyo kwa agizo moja. Gharama ipo. Plotly, programu nyingine ya kuchora chati, ikiwekwa nzima inazidi megabaiti 3, na bando la mtu wa Garsen hununuliwa kwa pesa ya maziwa au maembe. Ramani nayo ina mtego wake: hata ukiiweka Leaflet ndani, vipande vya picha vya usuli bado vinaitwa kutoka seva ya mbali. Suluhisho ni kuchora mto, barabara na mipaka ya kata kwa mistari iliyo ndani ya faili yenyewe. Haipendezi sana, lakini inafunguka.

Skripti ya nje ina mahali pake. Dashibodi inayobadilika kila saa haiwezi kuishi bila mtandao, basi na ichukue skripti inakotaka. Ripoti iliyopewa tarehe na kuchapishwa ni kitu kingine, kwa sababu watu watairejelea wakidai fidia au wakipanga mahali pa kuhamia. Ndiyo maana taarifa za NDMA za kila mwezi, ambazo ni PDF zisizo na madoido, bado zinafunguka na kupitishwa kwa WhatsApp hadi vijijini, na kipimo chao cha hali ya mimea kinasomeka vilevile: 35 hadi 50 ni kawaida, chini ya 10 ni ukame uliokithiri.

Anayeandaa ripoti ya watu wa Tana, basi, kabla hajaituma, aihamishie kwenye simu isiyowahi kuifungua, azime data, kisha aifungue. Chati isipotokea, ripoti haijakamilika.