Mlenda wa Tabora na Mafuta ya Hoima

Ndugu msomaji, siku utakapofika Tabora usikubali kuambiwa kwamba mji huu ni reli na miembe tu. Ni kweli miembe ipo, na reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Lakini kabla ya reli palikuwa na miguu ya watu. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, kama palivyoitwa wakati ule, mwezi Novemba. Hapa njia ya misafara iligawanyika: moja ikaelekea Ujiji, ya pili ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe na vitambaa mabegani, mzigo wa karibu frasila mbili kila mmoja. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, ukalione tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kisha urudi mjini ule chakula cha mchana.

Omba ugali na mlenda. Mgeni asiyeuzoea huenda akakunja uso. Majani yamechemshwa kwa maji yenye magadi, yakapekechwa kwa upekecho mpaka yakaachia ute. Inua tonge: ute unavutika kama uzi, wala haukatiki upesi. Ndani yake mna minyororo mirefu mno ya sukari, isiyoonekana kwa macho, iliyokunywa maji ikavimba na kutatana kama nyuzi za katani. Wakemia huita minyororo ya namna hii polima. Maji ni yale yale ya kisimani, ila sasa yana mnato, na kitu kilichomo, iwe karanga iliyotwangwa au punje ya mchanga, hakizami upesi.

Punje hiyo ya mchanga ina habari yake. Katika nchi kama Marekani, wachimbaji wa mafuta hupasua mwamba ulio chini sana ya ardhi kwa kusukuma maji kwa nguvu kubwa. Ufa ukifunguka ni lazima utiwe mchanga wa kuushikilia, la sivyo hufumba nguvu ile ikiondolewa. Maji matupu hayabebi mchanga vizuri. Hutua kabla ya kufika. Kwa hiyo wakayafanya mlenda. Hutia unga wa mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India na Pakistani, na mara nyingi huongeza boraksi katika maji yenye ukali kama wa magadi ili minyororo ifungane. Kazi ikiisha, ute huo sharti uvunjwe kwa dawa, na masalio yake huweza kuziba vijitundu ambamo mafuta yangepita.

Miaka ya 1990 ikaja njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Fikiri sabuni. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa nyingi majini, chembe hizo hujikusanya zenyewe, mikia ndani, vichwa nje. Kwa kawaida hufanya vidonge vya mviringo. Chagua dawa ifaayo ya jamii hiyo, tia na chumvi kwa kiasi chake, vidonge vitageuka minyoo mirefu itakayotatana kama ile minyororo ya mlenda. Tofauti ni kwamba mnyoo huu hukatika na kujiunga tena, maana haukushonwa, umekusanyika tu. Ukikutana na mafuta ndani ya ufa husambaratika, na maji hurudi mepesi, karibu bila masalio. Kikwazo ni bei. Unga wa guar ni rahisi zaidi.

Rahisi, ila si siku zote. Mwaka 2012 mahitaji ya wachimbaji wa Marekani yalipandisha bei ya guar mno, wakulima wa Rajasthan wakashangilia, kisha bei ikaporomoka. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Sasa panda basi uende Nzega, upande ule ule wa kaskazini alioushika Speke mwaka 1858. Katika kijiji cha Sojo kilijengwa kiwanda, kilichozinduliwa mwaka 2024, cha kuyavika mabomba ya mafuta ghafi ya kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Njia yote ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Hapa tatizo limegeuka: hakuna anayetaka mnato. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa, nta hujipanga yenyewe kuwa fuwele ndogo ndogo zinazoshikana, mafuta yakaganda bombani. Ikiwa huamini, nunua kipande cha nta ya nyuki Tabora, ukiyeyushe sufuriani, uepue, ungoje. Ndiyo sababu bomba hilo, lenye kipenyo cha inchi 24, limebuniwa lipashwe moto kwa umeme, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Sentigredi, na livikwe povu la poliyurethani lizuialo joto lisitoroke. Povu hilo nalo ni polima, ndugu wa mbali wa mlenda.

Mkuza wa bomba umepita katika mashamba ya watu. Wengi walilipwa fidia, na wako waliolalamika kwamba ilichelewa, miaka ikapita hawajui walime nini wala wajenge wapi. Ukiwa Nzega zungumza nao, ndugu msomaji, kabla hujaenda kutazama kiwanda.