Mlinzi wa Viatu wa Kisutu

Baba yangu alikuwa mlinzi wa viatu. Nalisema jambo hili mapema, msomaji, ili nisije nikalizungukazunguka kama nilivyolizunguka kwa miaka mingi. Tangu 1973 hadi 2001 alikuwa akitoka Tandika alfajiri, baada ya kuswali, anakwenda mjini kukaa mlangoni mwa hekalu moja la Wahindu pale Kisutu. Waumini walivua viatu, yeye akavipanga. Wakitoka, akawapa. Hakuwa na namba wala karatasi. Aliwajua watu kwa nyayo zao: huyu makubadhi, yule raba, yule mama mwenye champali zilizoshonwa mara tatu ingawa duka analo.

Mtaani kwetu kazi ile ilikuwa kichekesho. Walikuwepo waliosema mzee analinda masanamu, na waliouliza kama mshahara wake ni halali. Baba alikuwa na jibu moja tu: "Mimi nalinda mlango. La ndani analijua mwenyewe Mungu." Lakini watoto hawana habari ya majibu. Wao walikuwa na methali, na methali hiyo walinipigia makofi nayo kila nilipopita: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa!" Mjanja mmoja akaongeza, "Na dawa anayo babaake!"

Basi nilipohamia shule nyingine, nikiwa darasa la tano, nilimbadilishia baba kazi. Nikasema ni karani bandarini. Tena karani wa kalamu mbili mfukoni.

Mwaka uliofuata, 1993, mwalimu alitupeleka kutembelea Makumbusho ya Taifa. Tulipotoka, tukiwa kwenye mstari, wawili wawili, tulikatiza Kisutu kwenda kutafuta daladala. Mwalimu akawa anatuonyesha: hili hekalu, na lile hekalu, na lile tena, maana mtaa ule mahekalu yamepangana kama maduka. Watoto wakaanza kunusa udi na kuchungulia. Na mimi nikamwona baba. Amekaa kwenye kigoda, viatu vimempanga kuume na kushoto, anapangusa vumbi kwenye kimoja kwa kitambaa.

Akainua macho. Tukatazamana. Rafiki yangu wa karibu akacheka, "Mcheki yule mzee, kazi gani ile?" Nami nikacheka.

Baba alinitazama kitambo kidogo, akaona wenzangu, akaona sare yangu, kisha akageuka akaendelea kupangusa, kama mtu asiyenifahamu. Jioni alirudi nyumbani na muwa kwenye gazeti kama kawaida yake. Akauliza, "Makumbusho mmeona nini?" Nikamwambia tumeona magari ya zamani. Akasema, "Vizuri." Basi. Hajawahi kulitaja tena jambo lile, na mimi sikulitaja.

Nimekaa nalo zaidi ya miaka 30. Nikasoma, nikamaliza, nikawa na kazi yangu, lakini kila niliposikia ile methali nilirudi pale mstarini. Ndipo nikaanza kutaka kujua: hawa Baniani ni nani hasa, na yale mahekalu aliyoyakalia baba mlangoni yametoka wapi?

Vitabu vilinipa upande mmoja. Baniani ni jina walilopewa wafanyabiashara wa Kihindu, wengi wao kutoka Gujarati na Kachi, waliokuwa wakija na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi. Zama za Sayyid Said na wanawe, ushuru wa forodha ya Unguja ulikusanywa kwa miaka mingi na kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kachi. Sultani alipewa fungu lake kila mwaka, na kampuni ikatoza pembe, karafuu na hata watumwa. Wengi wa watu wa bara na pwani walimwona Baniani kama mwenye daftari la madeni. Kwa hiyo methali yetu haikuzuka hewani. Imebeba kinyongo cha mdaiwa. Lakini tazameni nusu yake ya pili: huyo huyo mbaya, kiatu chake dawa. Hata mwenye kinyongo alikubali kuwa kuna kitu cha kumfaa.

Dar es Salaam ilipoanza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860, na Wajerumani walipoifanya makao yao makuu mwaka 1891, Wahindi walikuwa miongoni mwa waliofuata riziki hapa. Mji ukagawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Zamani wafanyabiashara wengi wa Kihindu walikuja peke yao, wakirudi kwao kuoa na kuzeeka. Walipoanza kuleta wake na watoto, wakahitaji shule, zahanati na mahali pa kuabudu. Mtu asiyejenga hekalu bado ana mguu mmoja melini. Akijenga, ameamua kuwa atazaa hapa na kufa hapa. Hivi ndivyo Kisutu ilivyopata mahekalu yake, jumuiya kwa jumuiya: Sanatan Dharma na lao, Swaminarayan na lao, hata Wajaini, ambao dini yao ni nyingine, wakawa majirani. Leo kibao cha mtaa kinasomeka Pramukh Swami, kwa heshima ya kiongozi wa jumuiya moja ya Swaminarayan aliyefariki India mwaka 2016, lakini kondakta wa daladala bado anaita Kisutu.

Upande wa pili wa habari nilipewa na baba. Siku moja nilimkuta amekaa barazani, nikamuuliza kama kwa bahati tu, "Baba, wale wazee wa Kisutu walikuwa wakizungumza nini?"

Alicheka. "Hija," alisema. "Mhindi mzee hana mazungumzo mengine. Kama sisi na Makka."

Kumbe miaka yote ile, wazee waliokuwa wakisubiri kuletewa viatu walikaa kwenye benchi lake na kumsimulia. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeweka akiba miaka mingi akaenda Dwarka, mji ambao Wahindu wanaamini ulikuwa wa Krishna. Aliporudi alimletea baba picha. Baba akaingia ndani akaitoa kwenye kasha, imepauka: hekalu refu jembamba, bendera juu yake inapepea, na nyuma yake maji.

"Nilimwambia, bibi, haya maji ni yetu," baba alisema. "Bahari ni hii hii. Nyinyi mko upande ule tu."

Maneno ya baba niliyakuta baadaye katika historia, nikashangaa. Kusini ya Dwarka, kwenye pwani hiyo hiyo ya Gujarati, upo mji mwingine wa hija, Somnath. Sultani Mahmud wa Ghazni aliuvamia na kulibomoa hekalu lake mnamo 1026. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyeishi zama hizo, alieleza kwa nini mahali pale palikuwa maarufu kiasi kile: palikuwa bandari ya mabaharia, kituo cha waliosafiri kati ya Sofala, katika nchi ya Zanji, na China. Nchi ya Zanji ndiyo pwani hii yetu. Yaani miaka 1,000 iliyopita, sifa ya mji ule mtakatifu ilikuwa imefungamana na safari za huku. Hekalu lilijengwa na kubomolewa mara kadhaa, na lile linaloonekana leo liliwekwa wakfu mwaka 1951.

Kati ya Dwarka na Somnath kuna Porbandar. Mahujaji hupitia huko kwa ajili ya hekalu la Sudama, yule rafiki maskini wa Krishna. Huko ndiko alikozaliwa Gandhi mwaka 1869, na ubavuni mwa nyumba ya kuzaliwa kwake pamesimama jengo la kumbukumbu, Kirti Mandir, lililofunguliwa mwaka 1950. Aliyegharimia ni Nanji Kalidas Mehta. Huyu alivuka bahari akiwa kijana mdogo kuja Afrika, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda. Basi nikajiuliza: sukari ile ilitokana na miwa, na miwa ile ilikatwa na nani? Katika marumaru za Porbandar kuna jasho la Lugazi ndani yake. Hakuna jiwe litakalotaja majina ya wale wakata miwa.

Na mambo hayakwenda upande mmoja tu. Gandhi alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa Jinja ikatiwa katika Mto Naili, kama wafanyavyo kwenye Mto Ganga. Tangu hapo, kwa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, Jinja si daraja na bwawa la umeme tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali patakatifu panaweza kusafiri, lakini nadhani ndivyo ilivyo. Watu hupabeba.

Tena hupabeba hata wanapofukuzwa. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Wahindi. Wengi wakafunga mizigo. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Waliokimbilia Uingereza hawakukaa bure. Hekalu kubwa la mawe ya kuchonga lililofunguliwa Neasden, London, mwaka 1995, ni la jumuiya ambayo wengi wake walitokea huku kwetu. Miaka minne baadaye, 1999, ndugu zao wa Nairobi wakafungua la kwao.

Baba alianza kazi katikati ya kimbunga hicho. "Mwaka ule naanza," aliniambia, "viatu vilikuwa vinapungua. Wiki hii jozi 60, wiki ijayo 50. Mtu anakuja kuaga, anavaa viatu vyake pale kwangu, anaangalia mlango, analia. Mimi nampa mkono. Sijui hata anakwenda wapi." Alinyamaza, kisha akasema, "Kuna waliorudi, baada ya miaka 20. Wakanikuta. Mmoja akaniambia, mzee, wewe ndiye nimekukumbuka."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenye vitabu sikukiona. Kwenye mahekalu, kama kwenye misikiti na makanisa, huchongwa majina ya waliotoa fedha. Lakini hekalu halikai kwa fedha peke yake. Linakaa kwa mtu anayefungua mlango asubuhi, anayefagia, anayepanga viatu wenyewe wanapohama na wanaporudi. Historia ya mahekalu ya Kisutu imetoka Kachi na Gujarati, sawa. Imetoka na Tandika pia.

Mwaka jana, siku ya Diwali, nilimwambia baba, "Twende mjini." Ana miaka zaidi ya 80 sasa na magoti yamemkataa. Tulichukua teksi, jambo aliloliona ni ufujaji, akanisema njia nzima hadi tukavuka Kariakoo. Tulipofika Kisutu jua lilikuwa linazama na taa zilikuwa zinawashwa. Watoto wa Kihindi wamevaa nguo mpya, wanapeana peremende. Harufu ilikuwa ile ile.

Pale mlangoni alikuwa amesimama kijana wa kampuni ya ulinzi, amevaa kofia, kirungu mkononi. Alituona tumesimama tu, hatuingii, hatuondoki. Akaja.

"Shikamoo mzee. Mnamtafuta nani?"

Baba akafungua mdomo kusema hatumtafuti mtu, tunapita tu. Ndiyo tabia yake. Mimi nikawahi. Palikuwa na watu wengi wanavua viatu, nami nikasema kwa sauti, pengine kubwa kupita kiasi, maana nilikuwa nimeichelewesha tangu 1993:

"Huyu ni baba yangu. Alikuwa mlinzi wa viatu hapa. Miaka 28."

Watu wawili watatu wakageuka. Yule kijana akavua kofia. Mama mmoja wa makamo, mwenye nywele zilizoanza mvi, akamtazama baba, akamtazama tena, kisha akasema kwa Kiswahili cha Uswahilini kabisa: "Jamani! Mzee! Si ulikuwa unanifunga kamba za viatu mimi?"

Baba akainamisha kichwa akatazama miguu yake. Mama yule alikuwa peku tayari. Baba akasema, "Wewe ulikuwa unavaa vyekundu."

Walizungumza mpaka taa zote zikawaka. Mimi nilikaa pembeni na yule kijana mlinzi, anakaa Mbagala, anaye mtoto darasa la pili. Nilitaka kumuuliza mtoto wake anawaambia wenzake babake anafanya kazi gani. Nikaona si haki yangu kuuliza.

Kwenye teksi, wakati wa kurudi, baba alikaa kimya hadi Keko. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Siku ile ya makumbusho, nilikuwa nimewaeleza wale wazee kuwa una akili darasani. Ulipopita, mmoja wao akaniuliza, yupi ni wako?"

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nikamwambia, wote."