Faida ya mfumo huria wa simu, hata huku Sugoi

Leo tuongee kuhusu Android na neno ambalo hutajwa sana bila kuelezwa: chanzo huria. Wengi hudhani maana yake ni "bure" tu. Maana yake hasa ni kwamba msimbo uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mradi afuate leseni. Sehemu kubwa ya Android iko chini ya leseni ya Apache 2.0, na kiini chake, Linux, kiko chini ya GPL toleo la 2.

Faida ya kwanza ni bei. Mtengenezaji wa simu halipii leseni ya mfumo wenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Huawei IDEOS iuzwe Kenya na Safaricom mwaka 2011 kwa chini ya shilingi 10,000, wakati simu janja ilikuwa bado kitu cha wenye nazo.

Faida ya pili ni kwamba unaweza kutengeneza chombo cha kazi yako mwenyewe. Mfano uko hapa hapa Eldoret. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004, ilifungwa mapema sana katika mradi wa AMPATH, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na washirika wao wa Marekani. Baadaye ikaja ODK, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, inayogeuza simu ya Android kuwa fomu. Wahudumu wa AMPATH wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakitoa ushauri na kupima virusi vya UKIMWI, wanajaza majibu kwenye simu, na data inaingia kwenye OpenMRS. Hakuna aliyelazimika kuomba kibali cha kampuni ya simu.

Faida ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Huku Sugoi, upande wa Turbo, nimeandikia kikundi kidogo cha wafugaji programu ya kunakili lita za maziwa kila asubuhi. Mwisho wa mwezi inajumlisha, na kelele za "mbona zangu zimepungua?" zinaisha. Sijaiweka kwenye duka lolote. Naipitisha kwa Bluetooth au kadi ya memori, maana bando ni pesa. Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, na hii yangu ya zamani itakubali?" Ilikubali.

Lakini mlango huu unaanza kufungwa. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye simu za Android ilizoziidhinisha, programu zitasakinishwa tu kama aliyeziandika amejisajili na kuthibitishwa, kuanzia nchi chache mwaka 2026 kisha dunia nzima. Sababu waliyotoa ni matapeli, na matapeli wapo kweli. Novemba 2025 wakaahidi njia ya watumiaji wazoefu, na akaunti ya wanafunzi yenye idadi ndogo ya simu. Sawa, mimi nitajisajili. Lakini fikiria mwanafunzi wa kidato cha nne anayejaribu kuandikia mamake programu ya kuku. Na yule mzee wa maziwa si "mtumiaji mzoefu".

Hapo ndipo utaona tofauti ya msimbo huria na simu huria. Msimbo ukiwa wazi, kuna pa kukimbilia: LineageOS, kwa mfano, imejengwa juu ya msimbo huo huo tangu 2016. Shida ni kwamba simu nyingi za bei rahisi hazimo kwenye orodha yake, au zimefungwa na mtengenezaji zisipokee mfumo mwingine.

Kwa hiyo ukienda kununua simu, usiulize kamera na betri pekee. Uliza pia kama inafunguka. Mfumo huria una faida pale tu simu uliyoshika inapokuruhusu kuutumia hivyo.